Bwawa la kuogelea la ndani Dodoma: hesabu inaanza siku ya pili

Kila linapotajwa bwawa la kuogelea la umma Dodoma, swali la kwanza huwa ni maji. Mji wenye mgao utayatoa wapi? Swali hilo ni la haki, na tutalijibu. Lakini ukipiga hesabu yote utaona kwamba maji ya kulijaza bwawa ndiyo gharama ndogo kuliko zote, na kwamba mradi wa aina hii hufia kwenye ankara ya umeme, mishahara na viti vitupu vya asubuhi ya Jumanne.

Tuchukue kituo cha wastani: bwawa moja la mita 25 kwa 13, lenye njia sita na kina cha wastani cha mita 1.4, pamoja na bwawa la wanaojifunza la mita 12.5 kwa 7, kina sentimita 90. La kwanza linabeba lita 455,000, la pili lita 79,000. Jumla ni lita 534,000, yaani ndoo za lita 20 zipatazo 26,700. Tukiweka bei ya kupangia ya shilingi 2,500 kwa uniti ya maji, yaani lita 1,000, kuyajaza yote mawili ni shilingi milioni 1.34. Umeme wa siku tano wa kituo hichohicho, kama tutakavyoona, unazidi kiasi hicho.

Sasa tuje kwenye mgao. Kwa miaka mingi Dodoma imetegemea visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Uzalishaji wa DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, ulikuwa ukizungukia lita milioni 60 na kitu kwa siku wakati mahitaji yameshavuka milioni 100. Sababu iko wazi: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini, na ya 2022 ikahesabu 765,179. Serikali ilihamia, wizara zikaenda kwenye Mji wa Serikali wa Mtumba, watu wakafuata, na mvua ya nyanda hizi ikabaki palepale, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili.

Katika mji kama huo, lita 534,000 zinashtua. Lakini asilimia moja tu ya uzalishaji wa lita milioni 65 ni lita 650,000. Bomba kuu likipasuka na kuachwa usiku kucha linaweza kumwaga maji ya bwawa zima, na hakuna atakayeitisha mkutano wa hadhara kulijadili. Anayepinga bwawa kwa sababu ya maji angeanza na uvujaji.

Cha kuangaliwa ni matumizi ya kila siku. Uso wa mabwawa hayo mawili ni mita za mraba 412. Ndani ya jengo, maji yakiwa nyuzijoto 28, hupotea milimita 4 hadi 5 kwa siku kwa kugeuka mvuke, sawa na lita 2,000 hivi. Bwawa la wazi katika upepo mkavu wa Septemba lingepoteza lita 3,000 au zaidi, na vumbi lingeingia bure. Hata hivyo mvuke ndio mdogo. Kanuni inayofuatwa Ulaya ni kuongeza lita 30 za maji mapya kwa kila muogaji, ili kupunguza jasho, mafuta ya ngozi na mabaki ya klorini ambayo chujio haliwezi kuyatoa. Muogaji huyo huyo ataoga bombani kabla ya kuingia na baada ya kutoka: weka lita 30 nyingine. Wakija watu 300 kwa siku, hizo ni lita 18,000. Ongeza mvuke, unapata lita 20,000 kila siku, zaidi ya lita milioni 7 kwa mwaka. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha huduma vijijini, kwa hiyo kituo kitatumia maji ya watu 800. Mimi naona ni bei inayolipika, kwa sharti kwamba maji ya kuogea na ya kusafishia machujio yakusanywe, yatibiwe na kwenda chooni na kwenye miti ya uwanja. Mfumo huo uwemo kwenye michoro tangu mwanzo. Kuvunja marumaru baadaye ili kupitisha bomba la pili ni ghali, na kwa kawaida hakufanyiki.

Maji ya visima vya Dodoma yana tabia yake. Mkazi yeyote anaujua ule ukoko mweupe unaojijenga ndani ya birika. Ukoko huohuo utajijenga kwenye mirija ya kupashia maji moto, kwenye pampu na kwenye mchanga wa chujio, na kila milimita yake inapunguza joto linalopita na kuongeza uniti za umeme. Kituo kinahitaji mtambo wa kulainisha maji, na fundi anayepima kila asubuhi badala ya kusubiri rangi ya maji ibadilike.

Kwenye umeme ndiko fedha inakokwenda. Kila lita moja inayogeuka mvuke inaondoka na joto la karibu uniti 0.67. Lita 2,000 ni uniti 1,340 kwa siku, kwa ajili tu ya kurudisha joto lililopotea. Kwa hita ya kawaida ya umeme utazilipa zote. Kwa pampu ya joto, mtambo unaovuta joto kutoka hewani, utalipa kama robo yake, uniti 335. Pampu za kuzungusha maji yote kupitia machujio kila baada ya saa nne hula uniti 300 hivi, feni na taa 200. Jumla ni kama uniti 800 kwa siku. Kwa takriban shilingi 350 kwa uniti, pamoja na kodi na tozo, ni shilingi 280,000 kwa siku, milioni 102 kwa mwaka. Mkandarasi akiweka hita ya kawaida ili bei yake ya zabuni ionekane nafuu, mwenye jengo atalipa milioni 128 zaidi kila mwaka, mwaka baada ya mwaka.

Hapa nyanda za kati zina neema ambayo nchi za baridi hazina. Huko hewa ya nje lazima ipashwe moto sana kabla ya kuingizwa ndani, na unyevu huondolewa kwa mitambo. Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni kavu sehemu kubwa ya mwaka na jua halikosekani. Jengo lenye ukuta mzima upande wa mashariki unakotoka upepo, na madirisha ya juu yanayofunguka upande mwingine, litatoa unyevu bila mitambo mizito. Mita za mraba 1,000 za paa zinatosha paneli za kilowati 170, ambazo hapa zinaweza kuzalisha uniti kama 270,000 kwa mwaka, karibu sawa na mahitaji yote. Pampu za usiku bado zitahitaji gridi. Turubai la kufunika maji saa za kufunga nalo lisisahaulike: hupunguza mvuke wa usiku kwa zaidi ya nusu.

Gharama nyingine nazipitia haraka. Mei Mosi 2025, Singida, ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Watumishi 24, wakiwemo waokoaji wa zamu mbili, walimu na mafundi, kwa wastani wa gharama ya 600,000 kila mmoja, ni milioni 173 kwa mwaka. Maji milioni 18. Klorini na dawa nyingine, tuseme 25. Jengo la mita za mraba 2,500 kwa milioni 3 kila mita, pamoja na mitambo ya bilioni 1.5, ni bilioni 9, hayo yakiwa makadirio yangu ya kupangia. Matengenezo ya asilimia mbili ya thamani hiyo ni milioni 180. Jumla ya uendeshaji inakaribia milioni 500 kwa mwaka, bila kulipia hata tofali moja la ujenzi.

Waogaji 300 kwa siku 330 ni 99,000, kwa hiyo kila anayeingia majini anagharimu shilingi 5,000. Mtoto wa shule alipe 1,000 na mtu mzima 4,000, nusu kwa nusu: zinapatikana milioni 247. Pengo ni milioni 250. Waogaji wakifika 600, gharama hupanda hadi milioni 574 tu na mapato hufika 495. Pengo linabaki milioni 79. Ndiyo maana natetea kituo kiwe karibu na watu na daladala, pale ambapo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, mtumishi wa wizara na watoto wa shule za kata wanaweza kufika kwa nauli moja. Uwanja mkubwa nje ya mji utakuwa na nafasi ya magari na bwawa tupu.

Ndiyo maana pia napinga bwawa la mita 50. Maji yake hayapungui lita milioni 2.5 na uso wake ni karibu mara nne ya lile la mita 25, hivyo mvuke na joto hupanda vivyo hivyo. Collins Saliboko na Sophia Latiff waliiwakilisha Tanzania katika kuogelea Paris 2024, na wanaofuata nyuma yao wanastahili bwawa la kimataifa mahali fulani nchini. Bajeti ya halmashauri si mahali pake. Uingereza, yenye uzoefu mrefu wa mabwawa ya umma, ililazimika Machi 2023 kutenga pauni milioni 63 kuvinusuru vituo vyake, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya bei ya nishati.

Faida kubwa iko kwenye bwawa dogo. Watoto wa Dodoma wanazama kwenye malambo, mashimo ya kokoto na makorongo yanayojaa kwa saa moja ya mvua, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufikiria kumfundisha mtu kuogelea. Watoto 150 kwa siku, siku 200 za shule, ni masomo 30,000. Kila mtoto akipata masomo 12, wanahitimu 2,500 kwa mwaka. Mji wa ukubwa huu una watoto kama 20,000 kwa kila mwaka wa umri, kwa hiyo kituo kimoja kinamfikia mmoja kati ya wanane. Kumfundisha mmoja ni shilingi 60,000. Mzazi akitoa 12,000, halmashauri inatoa 48,000, ambazo kwa watoto 2,500 ni milioni 120. Kifungu hicho kiandikwe kwenye bajeti, na ratiba ya shule zitakazokuja kila asubuhi isainiwe na walimu wakuu, kabla mkandarasi hajaitwa kuonyeshwa kiwanja.