Mbegu bora ya maharage haifiki kijijini: fursa hiyo ni yako



Msimu ukianza, ingia duka la pembejeo kijijini. Mbegu chotara za mahindi zipo. Ulizia maharage ya Uyole Njano au Lyamungo 90, mara nyingi utaambiwa hakuna. Kwa nini?

Ni hesabu tu. Mahindi chotara mkulima ananunua kila msimu, na ekari moja inakula kilo 8 hadi 10. Maharage yanajichavusha yenyewe, kwa hiyo ukinunua mara moja unaweza kurudia mbegu yako misimu kadhaa. Halafu ekari moja inataka kilo 30 hivi. Muuzaji anaona mzigo mzito, nauli kubwa, na mteja harudi mwakani. Basi mkulima anaishia kupanda maharage ya sokoni, yamechanganyika na mengine yamebeba chule.

Wewe uliye karibu huna shida ya nauli. Sheria ya mbegu Tanzania inamruhusu mkulima mdogo kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zile tunazoita QDS, na kuziuza ndani ya wilaya yake. Fanya hivi:

1. Onana na afisa kilimo akuunganishe na TOSCI kwa mafunzo na usajili. Kuuza mbegu bila usajili ni kosa.
2. Anza na mbegu mama ya uhakika, mfano kutoka TARI. Tunza lebo na risiti.
3. Toa taarifa ya shamba mapema. Mkaguzi anakagua mimea ikiwa shambani, ukishavuna umechelewa.
4. Ng'oa mimea yenye ugonjwa na ile ambayo maua yake hayafanani na mengine.
5. Kausha vizuri, chambua, kisha hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Kabla ya kuuza, panda mbegu 100 kwenye mchanga wenye unyevu, uhesabu baada ya siku 9. Zikiota chini ya 80, mimi nashauri usiuze kama mbegu. Peleka sokoni ziliwe, hata kama bei inauma. Jirani akipanda mbegu yako ikagoma kuota, amepoteza mvua za kwanza, na wewe umempoteza yeye na ukoo wake wote.

Na mwambie ukweli: baada ya misimu mitatu hivi abadilishe mbegu. Hapo ndo atakaporudi kwako.

Msimu mwema!