Pikapu ya Familia: Iinuliwe kwa Kiasi Gani?

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu wa Makina, kule Kibera, Nairobi, kuna mjadala ambao kina mama aghalabu huwekwa kando yake. Kijana wa nyumba hutaka pikapu ya familia iinuliwe: itiwe springi ndefu na shokomzoba mpya, kisha ivishwe tairi kubwa. Baba hutazama bei, akakubali au akakataa. Mama huulizwa mwisho, pindi fedha zinapotakiwa kutoka katika akiba. Sisi twaona kuwa yeye ndiye aliyestahiki kuulizwa mwanzo, kwani gari hilo ndilo limbebalo yeye, watoto wake na wazee wake.

Haja yenyewe si ya kupuuzwa. Makina ni mtaa mkongwe wa Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa kikoloni waliopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Pikapu moja mtaani humo hufanya kazi ya magari matatu: asubuhi hubeba bidhaa za sokoni, mwisho wa juma hubeba masufuria na mahema ya harusi, na shule zikifungwa huteremsha familia hadi kwetu Pwani. Njia za mtaani zina mitaro na mawe. Msimu wa masika, udongo mweusi wa Kajiado hunata kama ulimbo. Na mwenye kuacha lami kwenda kuzuru jamaa katika vijiji vya Kilifi au Tana River huisikia ardhi ikigonga tumbo la gari. Basi anayetaka kuinua ana sababu. Lililobaki ni kujua anainua nini, na kwa gharama ya nani.

Wengi hudhani kuwa springi ndefu huinua gari lote. Sivyo. Springi huinua bodi, yaani kebini, karai la mizigo na fremu iliyo chini yake. Ekseli ya nyuma, pamoja na ile bonge la chuma liitwalo difu, hubaki palepale ilipokuwa, kwa sababu yenyewe imekaa juu ya magurudumu wala haikuning'inia kwenye springi. Ikiwa kinachogonga mawe ni difu, springi mpya hazitasaidia kitu. Kitakachoiinua ni tairi peke yake. Na ikiwa kinachogonga ni bampa ya mbele au tumbo la gari lililoshindiliwa mzigo, hapo springi ndiyo dawa, na huenda tairi za zamani zikatosha. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, mtu na ainame atazame chini ya gari makovu yako wapi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hesabu ya tairi nayo si siri ya mafundi. Imeandikwa ubavuni mwake. Chukua saizi ya 265/65R17, inayoonekana sana kwenye pikapu za kebini mbili. 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi hiyo nzima ina kimo cha karibu milimita 776. Ukipanda hadi 265/70R17 unapata karibu milimita 803. Ukipanda tena hadi 285/70R17 unafika karibu milimita 831. Lakini nusu tu ya nyongeza hiyo ndiyo iliyo chini ya ekseli. Basi tairi ya pili huinua difu kwa milimita 13, na ya tatu kwa milimita 27 hivi, upana wa vidole viwili. Fedha nyingi hulipwa kwa vidole hivyo viwili, na ni haki ya mwenye akiba kulijua hilo.

Tairi kubwa hudanganya pia kioo cha mwendo. Pale ambapo mshale ukionyesha 100 tairi ya asili ingekwenda kilomita 100 kwa saa, ile ya 285/70R17 itakwenda 107. Dereva anayeshuka kutoka Nairobi kuja Mombasa atajiona mtiifu wa sheria ilhali ameivuka. Zaidi ya hayo, gurudumu zito na refu huishinda nguvu breki ileile ya zamani: gari huchelewa kuondoka, na huchelewa kusimama. Kuchelewa kuondoka kutagharimu mafuta. Kuchelewa kusimama kunaweza kugharimu roho.

Tena kuna suala la kimo chenyewe. Kila gari lina mahali ambapo uzito wake umekusanyika, na mahali hapo panapopandishwa, gari huwa jepesi kupinduka kwenye kona au dereva anapokwepa punda ghafla. Ongeza mahema juu ya karai, au, kama ionekanavyo katika mazishi na harusi, vijana waliosimama nyuma, na uzito huo umepanda zaidi. Fundi aliyeinua gari likiwa tupu hakuwaona vijana hao. Sisi twawajua, maana ni wana wetu, na mahali pao ni ndani ya kebini wakiwa wamefunga mikanda.

Kisha mtazame mtoto. Boneti ikipanda, ardhi iliyo mbele ya gari hufichika zaidi machoni pa dereva. Katika njia nyembamba za Makina, ambamo watoto wa chuo hupita na misahafu yao huku wengine wakicheza mpira mlangoni, mtoto wa miaka minne aweza kusimama mbele ya bampa asionekane kabisa. Mtazame na bibi mwenye magoti yanayouma, aliyevaa buibui, akitakiwa kupanda kiti kilicho juu kuliko kiuno chake. Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga, na kushuka ndiko kunakovunja nyonga. Kipandio imara cha pembeni kihesabiwe ndani ya bei tangu mwanzo, kisiachwe kuwa pambo la baadaye.

Wako wanaosema: tunainua ili tuvuke mafuriko. Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi katika kaunti ya Kitui, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuuvuka mto Enziu uliokuwa umefurika. Lilizama, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Lilikuwa basi, refu na zito kuliko pikapu yoyote iliyoinuliwa. Maji yaendayo kasi hulisukuma gari ubavuni na kulipunguzia uzito, na chini yake barabara huenda imekwisha chukuliwa. Hakuna springi inayouzwa kwa ajili ya hilo. Harusi yaweza kungoja maji yapungue.

Je, basi tusiinue? La, tunaweza, ila kwa kiasi. Seti nyingi za pikapu zilizotengenezwa pamoja, springi na shokomzoba zake, huinua kiasi cha milimita 40 hadi 50, na kwa gari la familia hapo panatosha. Springi zichaguliwe kwa mzigo wa kawaida wa gari. Zilizokusudiwa kubeba saruji kila siku zitamrusharusha mama mjamzito gari likiwa tupu, na laini zitalala chini siku ya masufuria. Tujihadhari na njia ya mkato ya kuweka vipande vya chuma vilivyochomelewa ili kupandisha kimo kwa bei rahisi. Baada ya kazi, mipira ya kupitishia mafuta ya breki ikaguliwe isivutike magurudumu yanaposhuka, magurudumu yanyooshwe upya kwa mashine, na taa za mbele zishushwe zisiwapofushe wenye kuja.

Katika tairi, kuna alama mbili za kusomwa kabla ya kulipa, hasa kwa anayenunua mtumba. Ya kwanza ni tarakimu nne zilizo mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi yaweza kuwa na meno mazuri na mpira wake ukawa umezeeka. Ya pili ni namba ya uwezo wa kubeba, inayofuata saizi: 112, kwa mfano, ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Isiwe ndogo kuliko ile iliyotoka na gari. Na ya akiba iwe ya saizi moja na zile nne.

Tena, maadamu pikapu za biashara nchini Kenya hukaguliwa kila mwaka na NTSA, na kampuni ya bima hulipa kwa gari lililoandikwa katika mkataba wake, mabadiliko haya yaelezwe mapema kwa maandishi. Siku ya ajali si siku ya kuanza kujieleza.

Yote haya yanaweza kupimwa nyumbani kwa dakika chache, bila ya fundi. Siku ya Ijumaa familia inapokusanyika, pakieni pikapu mzigo wake wa kawaida. Muwekeeni bibi tofali la kimo mnachotaka kuongeza, liwe chini ya kiti, mumwone akipanda kutoka chini yake. Kisha gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mkononi mwa mama, dereva na aketi kitini, na ndoo yenye kimo cha mtoto mdogo isogezwe mbele ya bampa hadi isionekane. Pimeni umbali huo kwa hatua. Ukiwa tayari ni mkubwa kabla ya gari kuinuliwa, mmekwisha pata jibu, na fedha zirudi katika akiba.