Baiskeli Nayo Hubebwa: Namna ya Kuisafirisha kwa Gari la Kizamani

Nchini Uganda baiskeli imezoea kubeba, haikuzoea kubebwa. Hupandishwa vilima ikiwa na mikungu ya matoke, mitungi ya maziwa na magunia ya makaa. Huko Busia, katika miaka ya 1960, ilibeba wasafiri na mizigo yao kati ya mpaka wa Uganda na ule wa Kenya, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa jina la bodaboda. Walakini huja siku ambapo baiskeli yenyewe hugeuka mzigo. Askari wa Nsambya au Mbuya amepata uhamisho wa kwenda Masaka. Lori la vyombo limekwisha jaa, godoro la mwisho limefungwa, na baiskeli mbili bado zimeegemea ukuta. Mojawapo ndiyo itakayompeleka mtoto shuleni huko aendako. Kando ya nyumba limesimama gari la familia: Volkswagen ya mgongo wa kobe, au Peugeot ya zamani ambayo babu aliiacha ikiwa nzima.

Je, gari hilo laweza kuzibeba? Laweza, tena vizuri, mradi mwenye gari azingatie kanuni moja: mzigo hufungwa kwenye mifupa ya gari, haufungwi kwenye ngozi yake. Mifupa ni vyuma vinene vinavyolibeba gari. Ngozi ni bati la paa, kifuniko cha buti na mabawa ya magurudumu. Bati la gari la kizamani likikunjwa, kulipata jingine si kazi nyepesi.

Wala pasiwe na mtu wa kuyadharau magari hayo kwa sababu ya umri wake. Volkswagen ndiyo iliyoshinda mashindano ya kwanza ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1953, na Peugeot 404 ikashinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Yaliumbwa kwa barabara za vumbi na matope. Lakini nguvu ya gari ni jambo moja, na namna ya kulipakia ni jambo jingine.

JUU YA PAA

Magari ya zama hizo yana kitu ambacho mengi ya leo hayana: mfereji wa mvua, yaani ukingo wa chuma unaopita juu ya milango kutoka mbele hadi nyuma. Ukingo huo ni mmoja wa mifupa iliyotajwa. Keria ya paa hushikwa hapo kwa vibanio na bolti, uzito ukashuka kwenye nguzo za milango badala ya kulala juu ya bati. Mafundi wa kuchomelea vyuma wa Katwe, hapo Kampala, huweza kuunda keria ya namna hiyo kwa kipimo cha gari lenyewe. Kabla ya kuifunga, mfereji ukaguliwe kwa kidole na kwa bisibisi. Ukiwa umeliwa na kutu, njia hii iachwe mara moja.

Kisha ipigwe hesabu. Baiskeli ya chuma ya mtu mzima, iwe Raleigh, Hero au Roadmaster, huwa na uzito wa kilo 20 hivi. Mbili ni kilo 40, na keria yenyewe yaweza kufika kilo 10. Magari mengi madogo ya zamani yalikadiriwa kubeba kilo 50 hivi juu ya paa. Kwa hiyo baiskeli mbili zatosha; ya tatu itafutiwe mahali pengine. Kitabu cha gari, kikiwapo, ndicho chenye neno la mwisho.

Njia nyepesi ni kuipindua baiskeli miguu juu. Usukani hulala juu ya ufito wa mbele wa keria, na tandiko juu ya ufito wa nyuma; hivyo umbali kati ya fito hizo ulingane na umbali kutoka usukani hadi tandiko. Kengele na taa ziondolewe kwanza, zisije zikavunjika. Baiskeli ya pili ielekezwe nyuma, ili sukani mbili zisigongane. Mahali chuma kinapogusana na chuma, pawekwe kitambaa kizito au kipande cha blanketi kuukuu.

Kamba ifungwe kwenye usukani wenyewe, si kwenye vyuma vya breki. Breki za fito zikikazwa kwa kamba safari nzima, hupinda, na anayekuja kuumia ni mtoto atakayeipanda baiskeli hiyo kesho. Magurudumu nayo yafungwe kwenye fremu yasizunguke kwa upepo.

KAMBA NA MPIRA

Kila nyumba ina tyubu kuukuu. Ikikatwa vipande virefu huwa mpira mzuri wa kufungia: hunyumbuka, hukaza, wala haukwaruzi rangi. Hata hivyo mpira peke yake hautoshi. Jua huuchosha, ufa mdogo huongezeka, na mwisho hukatika ghafula bila kutoa onyo. Mpira uwe wa kukaza, na kamba iwe ya kushika.

Kamba ya katani ina tabia yake. Ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea. Anayeifunga asubuhi ya mvua akasafiri katika jua la mchana, kamba yake italegea njiani pasipo yeye kujua. Kamba ya nailoni nayo hutanuka inapovutwa. Kwa sababu hiyo safari haina budi kuwa na vituo. Anayetoka Kampala kwenda Masaka, mwendo wa kilomita 130 hivi, asimame kwanza Busega kabla hajauacha mji, kisha Mpigi, kisha Kayabwe inapopita ikweta. Anayekwenda Jinja asimame Mukono kabla ya kuingia msitu wa Mabira. Dakika tano za kukaza mafundo si hasara.

NYUMA YA GARI

Wako wanaopenda kuning'iniza baiskeli nyuma, juu ya buti. Njia hii haiongezi kimo cha gari na haihitaji mtu mwenye mikono mirefu. Kasoro yake ni kwamba vyuma vya kuning'inizia huegemea kifuniko cha buti, ambacho ni ngozi tupu. Yafaa uzito wote ubebwe na bampa. Bampa za zamani ni za chuma, zimefungwa kwa bolti kwenye vyuma vya chini ya gari, nazo huweza kuchomelewa kitako cha kusimamishia baiskeli, iwapo hazijaoza.

Mambo matatu yachunguzwe. La kwanza, taa za nyuma na namba ya gari zionekane wazi. Dereva anayefuata hawezi kujua kwamba gari linasimama ikiwa taa ya breki imezibwa na gurudumu. La pili, gurudumu lisikae karibu na bomba la moshi, kwa maana joto lake huunguza mpira. La tatu linawahusu wenye Volkswagen ya mgongo wa kobe. Injini ya gari hilo iko nyuma, tena haipozwi kwa maji bali kwa hewa, na hewa hiyo huingia kwa matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma. Turubai au gunia likifunika matundu hayo, injini hukosa pumzi na kuchemka. Basi kwa gari hilo, paa ni afadhali kuliko mgongo.

NDANI YA GARI

Mahali salama kuliko pote ni ndani, na wenye gari la familia aina ya stesheni wagoni wana bahati, kwani kiti cha nyuma hukunjwa. Gurudumu la mbele likifunguliwa na usukani ukageuzwa, baiskeli huingia. Pedali nazo zaweza kuondolewa, ila wengi huharibu nati hapo. Pedali ya kulia hufunguka kama nati ya kawaida, lakini ya kushoto ina hesi ya kinyume. Kanuni rahisi ni hii: spana ikisimama wima juu ya pedali, isukumwe kuelekea nyuma ya baiskeli, upande wowote ule.

Mnyororo ufunikwe kwa gunia, mafuta yasichafue viti wala nguo za watoto. Nati zote zitiwe katika kopo moja lenye kifuniko. Baiskeli iliyo ndani ifungwe pia, kwa kuwa gari likisimama ghafula, kilo 20 za chuma hurukia vichwa vya waliokaa mbele.

MWENDO NA KIMO

Gari lililobeba baiskeli si gari lile la jana. Mwendo ukiongezwa maradufu, nguvu ya upepo huwa mara nne; kamba inayostahimili mwendo wa kilomita 50 kwa saa huenda ikashindwa katika mwendo wa 100. Matuta ya barabarani yavukwe polepole, na kona zikatwe kwa utulivu, kwa sababu uzito ulio juu hulivuta gari upande.

Kimo nacho husahauliwa. Dereva aliyezoea kupita chini ya mwembe au paa la kituo cha petroli hupita kwa mazoea, akashtukia kishindo. Dawa yake ni rahisi: kitambaa chekundu kifungwe kwenye usukani wa gari kabla ya kuondoka, kimkumbushe kila anapokishika kwamba kuna mzigo juu.

Baiskeli ikianguka barabarani si hasara ya mwenyewe tu. Nyuma ya gari yuko mwendesha bodaboda na abiria wake, yuko mwanafunzi kando ya njia, nao hawana bati la kuwakinga. Tahadhari kabla ya hatari.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, baba au mama aishike baiskeli kwa mikono miwili na kuitikisa kwa nguvu. Gari zima likitikisika pamoja nayo, kazi imekamilika. Baiskeli ikitikisika peke yake, mafundo yafunguliwe na kazi ianzwe upya. Na baada ya kufika, kopo la nati lifunguliwe, kila kimoja kirudishwe mahali pake, na breki zijaribiwe na mtu mzima kwanza. Mtoto apewe baiskeli yake baada ya hapo, si kabla.