Ukungu Usiofutika Dirishani

Mama mwenzangu, umepata kufuta dirisha ndani na nje, na bado likabaki na ukungu? Nchini Marekani ziko familia zinazosafiri, na nyingine kuishi mwaka mzima, ndani ya motahomu, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo. Hata wauguzi wa mikataba, ambayo mara nyingi ni ya wiki 13, wengine huishi humo wakihama hospitali hadi hospitali. Kwao ukungu huu ni jambo la kawaida.

Madirisha mengi ya magari hayo yana vioo viwili, na katikati yao pana hewa kavu inayopunguza baridi. Vioo hutenganishwa na ukanda mwembamba, ambao ndani yake mna chembe za kunyonya unyevu, kama zile za kipakiti unachokikuta katika chupa ya vidonge. Kingo huzibwa kwa gundi ya mpira. Jua, mtikisiko wa barabara na maji yanayotuama kwenye fremu huilegeza gundi hiyo. Milima nayo huchangia: gari likitoka pwani na kupanda hadi Denver, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ya nje hupungua, na hewa iliyofungiwa katikati huvitunisha vioo. Mwishowe unyevu hupenya, chembe hushiba, na kitambaa hakifui dafu.

Basi kwanza pitisha kidole upande wa ndani. Kikilowa, huo ni mvuke wa pumzi na wa sufuria. Fungua tundu la paa na uwashe feni. Mvuke huo ndio unaoleta kuvu ukutani, na kuvu humsumbua mtoto mwenye pumu. Tafadhali msizibe matundu ya hewa kwa kuogopa baridi, hasa jiko la gesi linapowaka, kwani kaboni monoksaidi haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Ukungu ulio katikati ya vioo haudhuru kifua. Lakini ukiwa kwenye dirisha la ubavuni mwa dereva humzuia kuona kioo chake cha pembeni. Hilo litengenezwe kabla ya safari. La chumbani lisubiri mshahara mwingine.

Wapo wanaotoboa kitundu kwenye ule ukanda na kupuliza hewa kavu. Mimi sioni faida yake. Ukungu huondoka kwa muda, lakini chembe zimekwisha kushiba na penye ufa pako vile vile.

Matengenezo yenyewe yanataka watu wawili. Kwa kawaida skrubu ziko ndani ya gari. Zikitoka zote dirisha zima laweza kuanguka nje, kwa hiyo mmoja alishike huko. Kisha kioo hutolewa kwenye fremu, na gundi ya zamani hukatwa kwa waya au kisu chembamba. Vaeni glavu nene na miwani, na watoto wakae mbali, maana kioo hiki kimekazwa kwa moto: kikigongwa ukingoni husambaratika chote mara moja. Kwa sababu hiyo hiyo hakikatwi. Kipya huagizwa kikiwa na kipimo chake.

Osheni kwa sabuni, na madoa ya chokaa kwa siki. Doa lisilotoka huenda limekwisha kukila kioo, na hapo ni kukibadili. Wekeni ukanda mpya wenye chembe mpya, siku isiyo na mvua, kwa glavu safi kama za chumba cha upasuaji, kwa sababu alama ya kidole ikibaki ndani haifutiki tena. Ukimpa fundi kazi hii, muulize kama anabadili ukanda huo au anaosha tu.

Kabla ya kurudisha dirisha, zibueni vitundu vya chini ya fremu vinavyotoa maji ya mvua. Likishakazwa, mmoja amwagie maji kwa mpira kutoka nje, na mwingine akae ndani na tochi akitazama pembe za chini.