Hema la Dola 12,000 lililogeuka hema la maafa

MTU aliyelipa Dola za Marekani 12,000 ili akalale hemani ana haki ya kutarajia walau godoro kavu. Kwa wageni waliotua katika kisiwa cha Great Exuma, nchini Bahamas, Aprili 27, 2017, hata hilo lilikuwa shida.

Walikuwa wamekwenda kwenye tamasha la muziki la Fyre Festival, lililoandaliwa na kijana wa Kimarekani, Billy McFarland, akishirikiana na mwanamuziki Ja Rule. Tiketi za kawaida ziliuzwa kati ya Dola 500 na 1,500, na zile za wakubwa, pamoja na ndege na malazi, zilifikia Dola 12,000. Matangazo yalipitia mitandao ya kijamii, wanamitindo maarufu wakionekana wakiogelea baharini. Malazi yalinadiwa kuwa mahema ya kisasa yenye umbo la kuba.

Walichokikuta ni uwanja wa changarawe wenye safu za mahema meupe, ya aina wanayogawiwa waathirika wa vimbunga. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha na magodoro yalikuwa yamelowa. Giza lilipoingia watu waligombea mahema, kwa kuwa hapakuwa na utaratibu wa nani alale wapi. Picha iliyosambaa zaidi ilikuwa ya chakula: vipande vya mkate, jibini na saladi kidogo ndani ya kiboksi. Asubuhi yake tamasha lilivunjwa, hakuna msanii mkubwa aliyekuwa amepanda jukwaani.

Kwa wanaoijua biashara ya kambi za mahema, kama zile zinazofuata nyumbu Serengeti, hakuna cha kushangaza hapo. Hema lenyewe ni mwanzo tu wa gharama. Maji yanaletwa kwa maboza, maji taka yanahitaji shimo, umeme unatoka kwenye jenereta au jua, chakula kinasafirishwa mbali, na kila kitanda lazima kiwe na mtu wa kukitandika. Ndiyo maana kambi hizo huwa na mahema machache. Waandaaji wa Exuma walitaka kulaza maelfu ya watu mahali pasipo na miundombinu, kwa maandalizi ya miezi michache, tena katika wiki ya mashindano makubwa ya mashua mjini George Town, wakati hoteli za kisiwa zimejaa. Aliyekimbia hema hakuwa na pa kwenda.

Vijana waliolala pabaya usiku mmoja walirudi kwao. Wenyeji walibaki na madeni. Wapo vibarua waliojenga uwanja huo ambao hawakulipwa. Mama mmoja mwenye mgahawa, aliyewalisha wafanyakazi, alitumia akiba yake ya Dola 50,000. Kilio chake kilisikika baada ya filamu kuhusu tamasha hilo kuonyeshwa Januari 2019, na watu wakamchangia kwa njia ya intaneti zaidi ya Dola 200,000.

Alichofanya mama huyo hufanywa na wafanyabiashara wadogo kila mahali: kumkopesha mteja kwa sababu anaonekana mkubwa. Mkulima wa mboga anayepeleka nyanya hotelini kwa mali kauli anaielewa habari hii bila kutafsiriwa. Akidai malipo ya awali anaonekana msumbufu, na mwenzake anachukua zabuni.

McFarland alikiri makosa ya udanganyifu. Oktoba 2018 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka sita, na akaamriwa kurejesha Dola milioni 26. Alitoka mwaka 2022. Mwaka 2025 alitangaza tamasha la pili, safari hii nchini Mexico, na tiketi zikaanza kuuzwa kabla halijaahirishwa. Julai mwaka huo aliliuza jina la Fyre kwa mnada kwenye mtandao wa eBay. Bila hema hata moja, lilipata Dola 245,300.