Je, Wajua? Majengo ya Kale, Kuanzia Nakivubo

Je, wajua kwamba Uwanja wa Nakivubo jijini Kampala ulianza mwaka 1926? Baada ya Vita Kuu ya Pili ulifanywa ukumbusho wa askari wa Uganda waliokufa vitani.

Je, wajua kwamba kuta zake za zamani hazipo tena? Zilibomolewa, na mwaka 2024 Rais Yoweri Museveni akazindua uwanja mpya uliojengwa na mfanyabiashara Hamis Kiggundu. Mashabiki wengi sasa huuita Hamz. Soka limebaki, jengo limekwenda.

Je, wajua kwamba upande wa pili wa jiji, Kasubi, njia nyingine ilifuatwa? Nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka, yaani wafalme, wanne wa Buganda iliteketea Machi 2010. UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na ikaiondoa Septemba 2023. Imerudishwa kwa matete, nyasi na vitambaa vya magome ya mti wa mutuba.

Je, wajua kwamba si kila mtu anaruhusiwa kuezeka paa lile? Kazi hiyo ni ya ukoo wa Ngeye, na urembo wa ndani ni wa ukoo wa Ngo. Chini ya paa kuna pete 52 za matete, zikiwakilisha koo za Baganda.

Je, wajua kwamba hata ukarabati wenyewe una hatari zake? Jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini. Watu wawili walifariki.

Je, wajua kwamba saruji huweza kuua nyumba ya mawe ya matumbawe, kama zile za pwani? Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukiupaka saruji, maji na chumvi hukwama ndani, plasta ikavimba, ikabanduka, na jiwe likaanza kumung'unyika.

Basi, kama umerithi nyumba ya zamani, iwe ya Lamu au Unguja, mtafute fundi wa chokaa kabla hujanunua mfuko wa saruji. Na ukimpata, mpe kijana wa kumsaidia, ajifunze.