Wandegeya: Mpinzani Nairobi, mechi Johannesburg

Vijana wa Wandegeya, mtaa wa wanafunzi ulio kando ya Chuo Kikuu cha Makerere jijini Kampala, wanaweza kuupata mchezo wa kompyuta wa Counter-Strike 2 bila malipo. Kikwazo ni bando na umbali.

Mchezo huo wa kufyatuliana risasi, watano dhidi ya watano, ulitolewa na kampuni ya Valve ya Marekani Septemba 27, 2023, ukachukua nafasi ya toleo la mwaka 2012. Unahitaji nafasi ya gigabaiti 85 kwenye kompyuta. Tangu Julai 2021, Uganda hutoza ushuru wa asilimia 12 kwenye intaneti. Yaliyosamehewa ni matumizi ya tiba na elimu, si michezo.

Toleo la awali lilichezwa hata bila intaneti, kwa kuunganisha kompyuta za chumba kimoja kwa nyaya. Sasa mechi rasmi hupitia seva za Valve, na kituo chake cha Afrika kiko Johannesburg, karibu kilomita 3,000 kutoka Kampala. Kijana wa Wandegeya akipambana na mwenzake wa Nairobi, wote wawili wanaweza kukutana Afrika Kusini. Akikabiliana na mwenyeji wa huko, anaweza kuuawa mchezoni kabla amri ya kidole chake haijafika kwenye seva.

Mwaka 2014, Uganda, Kenya na Rwanda zilikubaliana kushusha gharama za simu zinazovuka mpaka. Umbali haushushwi kwa makubaliano. Unahitaji seva ndani ya ukanda, na wateja wa nchi zote wa kuilipia.